Maji Niliyoyanywa kwa Shangazi Mbeyu

Tangu turudi kutoka kule vilimani hamjaniacha nipumue. Kwenye bomba la maji mwaniuliza, kwa msusi mwaniuliza, na juzi mmoja wenu, namjua na mwenyewe anajijua, kanifuata mpaka dukani nikinunua sukari: "Kadzo, ni kweli uliyanywa maji ya baraka ya mdogo wako? Ni kweli ulimgomea baba yako mbele ya mamake?" Nikimpa huyu kipande, anampelekea mwenzake na pilipili juu. Basi nayaandika yote, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Msome, mpeane, mnyamaze.

Kabla ya safari kuna jambo moja lazima mlijue, wengine mmelisahau na wengine mmejisahaulisha. Kwetu mtu akishazaa haitwi tena jina lake, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Wa kwanza kwetu ni mimi. Kwa hiyo babangu alikuwa Baba Kadzo, na Magogoni nzima ilimwita hivyo, kuanzia fundi wa baiskeli mpaka mchungaji. Halafu nikamaliza kidato cha nne, na kabla matokeo hayajatoka, tumbo likatoka. Aliyenipa mimba akahamia bara na namba yake ikawa haipatikani. Baba hakunipiga. Hakunifukuza. Ila siku moja pale nje ya kanisa mgeni alimuuliza jina, nikamsikia kwa masikio yangu akijibu, "Mimi ni Baba Neema."

Neema ni mdogo wangu, wa pili. Watu wakaona ndivyo anavyotaka, wakashika hilo, na ndiye Baba Neema mpaka leo. Mama hakubadilika, yeye ni Mama Kadzo tu. Mgeni akiwasikia wakiitwa anadhani ni watu wa nyumba mbili. Hata binti yangu Shantel, mwenye miaka mitatu, akimtaka babu yake huita "Baba Neema", maana ndilo jina analolisikia.

Sasa Neema anaolewa Jumamosi hii na kijana wa Likoni, mwenye kazi bandarini na meno yaliyopangika. Je, nina wivu? Ninao. Siupaki poda.

Kutoka Magogoni hadi mwisho wa lami

Bibi harusi wa ukoo wetu haendi kanisani mpaka apite kwa mashangazi na kwa Hawe, ndiye bibi yetu mzaa baba, kuchukua baraka zao. Wanakaa juu ya vilima vitatu vyenye misitu, huko nyuma ya Rabai, na sharti ni kwenda kwa miguu, kutoka kilele hadi kilele, kwa siku moja. Jua likizama hujafika kwa Hawe, umetembea bure. Niliyajua hayo kwa kuyasikia tu. Mimi sijawahi kutembezwa popote. Nilipopata mtoto nilipelekwa kliniki, basi.

Nilimuuliza Mama kwa nini na mimi niende.

"Baba yako kasema uende."

"Kwa kazi gani?"

"Muulize yeye."

Sikumuuliza. Mimi na Baba tumekaa miaka tukizungumza kwa kupitia watu. Nilijijibu mwenyewe: bibi harusi habebi kitu, kwa hiyo anatafutwa punda. Na kweli, alfajiri ile Neema alitoka chumbani na raba nyeupe mpya, kanga mpya na mwavuli wa maua. Mimi nilikuwa na ndara, mfuko wa leso za kuwapa mashangazi, na Shantel mgongoni, kwa kuwa Mama alikuwa na mchele wa harusi wa kuchagua na hakuna wa kumwachia.

Lami ilipoishia tulikaa kwenye kibanda kula mahamri kwa mbaazi. Mama mwenye kibanda alimtazama Neema, akatazama kanga, akajua. "Mwali huyo! Hongera mama, hongera." Akamwongezea hamri la bure. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe utalipia mbaazi za mtoto?"

Baba alilipa. Halafu tukangoja. Neema alikuwa ameanza kupigiwa simu na mchumba wake, na huko juu mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo ilibidi wamalizane pale pale. Wakamalizana mpaka jua likapanda. Ningekuwa mimi ninayechelewesha watu kwa simu ya mwanamume, Baba angeinyakua akaitupa kwenye mbaazi. Kwa Neema alikaa akichonga kijiti.

Kilima cha kwanza: Mikoneni

Vile vilima ukivitazama kutoka chini vimefuatana kama watu kwenye foleni, kila kimoja na msitu kichwani kama nywele. Njia ya Mikoneni ni udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Baba alitangulia na panga akikata matawi. Neema alifuata, akiinua kanga kwa vidole viwili kama anavuka zulia la mtu. Mimi nyuma, ndara zikibaki kwenye tope, nikirudi kuzichukua, huku Shantel ananiambia sikioni, "Mama, twende nyumbani tukalale."

Juu kabisa msitu unafungana mpaka kiza kinaingia. Kima walituona wakapiga kelele, Shantel naye akawapigia kelele zake, wakanyamaza. Hapo ndipo nilipocheka mara ya kwanza siku hiyo. Upande wa pili miti ikaachana, na nikaona mbali sana winchi za bandari, nyembamba kama njiti za kiberiti. Neema akasema, "Dada, ona, nyuma ya zile ndiko nitakakokaa." Sikuona kitu. Niliona winchi tu.

Nyumba ya Shangazi Dama iko mara tu unapotoka msituni. Shangazi Dama macho yake yana ukungu siku hizi, anatambua watu kwa sauti, na sauti yangu mara ya mwisho aliisikia nikiwa na sare ya shule. Tulikuta mkaza mwanawe, binti mgeni pale, ndiye anayepokea wageni. Alimpokea Neema kwa vigelegele. Alimpokea Baba kwa kiti. Mimi nilikuwa nimeinama uani nikimkojolesha mtoto, nikamsikia akiuliza kule ndani, wala hakupunguza sauti:

"Na yaya naye tumpeleke wapi?"

Nikangoja Baba aseme kitu. Nilingoja kweli, wallahi, na nguo ya mtoto mkononi. Nilimsikia Neema anasema, "Huyo si..." lakini vigelegele vikaanza tena, na Baba hakusema lolote. Baadaye alisema hakusikia. Mimi niliyekuwa uani nilisikia.

Basi nikakaa kiyaya. Nililetewa sahani yangu nje chini ya upenu: sima na mboga chungu ya mchunga, na shingo ya kuku. Kupitia mlangoni niliona firigisi inakwenda kwenye sahani ya Neema. Mnajua mimi na firigisi. Nyumbani kwetu tangu utotoni firigisi ilikuwa yangu, ndiyo kipande cha mkubwa. Neema aliitazama ile firigisi, akanitazama mimi mlangoni, akaila.

Walipomaliza kula walifunga mlango, nikasikia maneno ya Kigiriama, halafu sauti kama ya mtu anayepuliza, fuu. Neema akatoka kifua kimelowa, anatabasamu. Nikadhani amemwagikiwa na maji ya kunawa.

Bondeni

Kutoka Mikoneni kwenda Tsunguni kuna bonde, na kwenye bonde kuna mto. Siku nyingine, alisema Baba, unauruka. Siku hiyo ulikuwa unapita na magogo. Tuliketi kwenye jiwe kungoja upungue. Alikuwepo mgema wa mnazi, naye anangoja avuke na vibuyu vyake, mcheshi, akili imeshaonja bidhaa.

"Nani anaolewa hapa?" aliuliza. "Nyote wawili?"

"Mimi," Neema akasema.

"Na huyu mkubwa je?"

Mgema akanitazama, akamtazama Shantel, akasema, "Ah, huyu yeye ameshapita kwa mlango wa nyuma." Akacheka peke yake. Baba akasimama, akaingia mtoni maji yakiwa bado kiunoni, akajaribu njia kwa mti. Akarudi. Akamchukua Neema kwa mkono, akamvusha. Akarudi tena, akachukua mfuko wa leso, akauvusha ukiwa juu ya kichwa chake. Mimi na mwanangu tulivushwa na mgema. Alinishika mkono vizuri, kwa heshima, na kila hatua aliniambia, "Polepole, mke wangu, polepole."

Sijui Baba alikuwa anarudi mara ya tatu au la. Alipogeuka nilikuwa nimeshafika. Alichosema ni, "Leso hazikulowa."

Kilima cha pili: kwa Shangazi Mbeyu

Tsunguni ndicho kilima kirefu kuliko vyote, na nilikipanda na kiu kama ya chumvi, kwa sababu maji yetu yote nilimpa mtoto. Nilifika wa mwisho, ulimi umegandia juu. Shangazi Mbeyu alikuwa amesimama uani, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na yeye alinijua kutoka mbali.

"Kadzo! Kadzo wangu! Njoo hapa!" Akaniamkua kwa Kigiriama, nikamjibu kwa Kiswahili. "Umeshakuwa mtu wa lami wewe."

"Shangazi, wallahi nimechoka."

"Wallahi! Umesilimu lini?"

"Sijasilimu. Nakaa Magogoni."

Alicheka mpaka kuku wakakimbia. Kisha akatulia, akanifutia uso kwa leso yake, akamsimamisha Neema mbele yangu na Baba pembeni. Akaingia ndani, akatoka na kata imejaa maji ya mtungini, baridi, yana harufu ya udongo. Akaniwekea mdomoni kabisa. "Haya, mama. Anza wewe."

Nikaanza. Nikayanywa yote. Nikapumua, nikafuta mdomo, nikasema, "Asante shangazi. Niongeze."

Neema alikuwa ametoa kifua mbele na kufumba macho, akayafumbua. Baba alivua kofia. Shantel ndiye aliyesema, "Na mimi nataka."

"Kayanywa," Shangazi Mbeyu akasema, kama anatangaza msiba. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi. "Kayanywa yote na ameomba mengine." Akamgeukia kaka yake. "Hukumwambia?"

Baba alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza wewe. Umemleta mtoto wa watu mlima mzima hujamwambia anakuja kufanya nini?"

Basi yeye ndiye aliyenieleza, na kofia ya Baba ikazunguka mikononi mwake muda wote huo. Mdogo akimtangulia mkubwa kuolewa, mkubwa ndiye anayefungua. Anasema yaliyo moyoni, anapiga funda la maji, anamtemea mdogo wake kifuani. Ndiyo kuhatsa huko. Hasira na kijicho vinatoka na yale maji, halafu mashangazi wanafuata na ya kwao. "Ya kwako isipokuwepo," alisema, "ya kwetu ni kumlowesha mtu nguo tu. Kule kwa Dama ulisema nini?"

"Kule nilikuwa yaya."

"Ulikuwa nani?"

Nikamsimulia. Akamsonyea Baba. Kisha akasema kwamba Dama basi alifanya kazi bure, na yeye hawezi kunipa kata ya pili, kwa sababu maji ukishayameza umeimeza na hasira yako, nyumba hiyo imekwisha. Imebaki kwa Hawe. Hawe akipata neno langu, anafunika vilima vyote vitatu. Asipolipata, hamfungi bibi harusi ushanga wa kiunoni, na Baba hawezi kumpeleka Neema kanisani bila ushanga wa mamake. Harusi hakuna.

Kwa hiyo sikuwa punda. Siku nzima wamenibebesha leso na tope, kumbe mimi ndiye ufunguo wa mlango wao. Niliona raha, nisiwadanganye. Nilijisikia mrefu. Nikamwambia shangazi, Baba akisikia, "Nitatema. Lakini kuna kitu changu alichukua Baba. Akirudishe kwanza."

"Kitu gani?"

"Anakijua."

Shangazi alileta kuku. Firigisi akaiweka kwenye sahani yangu, akanikonyeza. Niliila polepole mbele ya Neema. Sikumgawia mtu.

Msituni, ambako hakugombwi

Shangazi Mbeyu alifunga mlango wake, akasema anakuja nasi, hatuaminiki. Njia ya kwenda kwa Hawe inapita katikati ya msitu wa Tsunguni, na huo ni msitu wa wenyewe, wa wazee wa zamani. Ukifika kwenye mti wa mvule uliochongwa alama unavua viatu, na kutoka hapo hakuna kugombana, wala kupaza sauti. "Mwenye neno alibebe mpaka atoke upande wa pili," shangazi alisema.

Nilikuwa na neno. Lote nililibeba. Nilikanyaga majani yaliyooza, nikakanyaga siafu, nikaumwa na sikupiga kelele. Mvua ikaanza, ile ya msituni ambayo unaisikia juu kwanza halafu inakufikia imechelewa. Shantel alilala mgongoni akawa mzito kama gunia lililolowa. Nikateleza. Nikateleza tena, goti likapasuka.

Neema akarudi nyuma. Akafungua leso yangu, akamchukua mtoto, akajifunga mgongoni mwake. Bibi harusi, asiyetakiwa kubeba hata mfuko wa leso. Raba nyeupe mkononi, miguu peku, mwanangu mgongoni. Shangazi akataka kusema kitu, Neema akatikisa kichwa.

Mlidhani nilishukuru? Nilizidi kukasirika. Nikatembea nyuma yake nikiona kichwa cha mwanangu kimeegemea pale begani kana kwamba ndipo pake siku zote, nikajisemea, hata wema anataka uwe wake. Mume wake, jina lake, na sasa hata kumhurumia Kadzo ni kwake.

Tulipotoka tu msituni, mguu mmoja bado kwenye majani, nikalitua lile neno.

"Nipe mtoto wangu."

"Dada, umeumia goti."

"Goti ni langu."

"Dada, mimi sikuliomba hilo jina!" Sikujua kama alijua. Alikuwa analia tayari. "Nilikuwa shule. Nilirudi nikakuta Baba anaitwa nalo."

"Hukuliomba, lakini ulilivaa. Mara ngapi watu wamemwita Baba Neema wewe ukacheka? Ulisema siku hata moja, jamani, wa kwanza ni dada?"

Baba alikuwa hatua chache mbele, panga chini, mgongo umetugeukia. Alisikia kila neno. Mimi nilisema kwa sauti ili asikie.

Alichosema ni hiki: "Jua linakwenda."

Kilima cha tatu: kwa Hawe

Kirimani ni kidogo, msitu wake umebaki upande mmoja, na nyumba ya Hawe imeuegemea. Hawe ni mdogo kama msichana wa shule, ananusa ugoro, na ana simu inayopiga muziki wa kwaya kwa sauti ya kuamsha wafu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Soda yangu iko wapi?" Baba alikuwa ameisahau kwenye kibanda cha mbaazi. Hawe akamtukana kwa Kigiriama sentensi ndefu, Shangazi Mbeyu akaziba mdomo asicheke.

Jua lilikuwa limebaki kama viganja viwili juu ya miti. Hawe alijua kila kitu, Mbeyu alikuwa amepanda juu ya jiwe njiani akapata mtandao, akampigia. Alinivuta mkono, akanisimamisha mbele ya Neema. Kata ilikuwa mkononi mwake yeye, ameificha nyuma.

"Wewe unayekunywa maji ya watu. Sema kwanza, halafu ndiyo nikupe. Nikianza na maji utayanywa tena."

Nikafungua mdomo. Yale maneno niliyoyabeba msitu mzima, nikakuta hayapo. Mbele ya yule kikongwe niliona aibu kumshtaki baba yangu kwa jina tu. Jina! Mtu mzima analilia jina. Jua linashuka, na Baba akaanza kusema taratibu, "Mama, labda tufanye tu, hawa watoto wamechoka, tutaenda na giza..."

Shantel akaamka mgongoni mwa Neema. Akatazama huku na huku, akamwona babu yake, akanyoosha mikono.

"Baba Neema! Baba Neema, nibebe!"

Hawe akageuka. "Anamwita nani?"

Baba akainama kufuta panga kwa jani.

"Namuuliza mtoto anamwita nani. Kuna mgeni nyumbani kwangu?" Akaenda, nawaapia, akachungulia nyuma ya mlango. Akarudi. "Simwoni huyo Baba Neema. Mimi nilikuwa na kijana wangu mmoja, alikwenda mjini akazaa, nikaletewa habari kwamba sasa ni Baba Kadzo. Nikatoa mbuzi. Huyo mbuzi nilimchinjia nani?"

"Mama..."

"Nilimchinjia nani?"

"Kadzo."

Hapo mdomo wangu ukarudi. Nikasema, Hawe, nilipata mimba, nilikosea, na aliyekosea pamoja nami amekimbia. Wote mlinisema na mlikuwa na haki. Lakini mimi sikukoma kuwa wa kwanza. Baba hakunifukuza nyumbani, alinifukuza kwenye jina lake, na kila siku asubuhi mtu akimwita pale mlangoni ninafukuzwa upya. Nikasema ndiyo sababu nina wivu na Neema, nina wivu na raba zake, na mume wake, na vigelegele vyake, na leo msituni nilimwonea wivu hata kumbeba mwanangu.

Baba alikuwa ameshika kofia kama mtu aliye kanisani. "Nilikuwa na aibu," alisema.

"Aibu ya nani?" Hawe akamuuliza.

Alifikiri. "Yangu. Nilimpeleka shule mimi. Nilijisifu mtaa mzima mimi."

"Sasa sema u nani, huyu asikie."

Baba akasema. Alisema chini chini, kwenye kofia.

"Sijasikia," nikasema. Si Hawe aliyesema, ni mimi. Na hilo ndilo mnaloliita kumgomea, basi lichukueni, nilisema.

Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ni Baba Kadzo," akasema, na sauti ikavunjika pale kwenye Kadzo.

Neema akaangua kilio. Mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kulia, hata kilio akakiwahi yeye.

Hawe akanipa kata. Nikapiga funda kubwa, mashavu yakajaa. Nikamtazama mdogo wangu, kanga imejaa tope, miguu imeumwa na siafu kama yangu, mwanangu bado mgongoni. Kwake yeye sikuwa nimebakiwa na hasira. Nikamtemea. Nilitema kwa nguvu mpaka yakamruka kifua, yakampata usoni na kwenye nywele alizosukwa kutwa nzima, na Shantel akapata yake, akapiga makofi akataka tena.

Lakini Hawe alikuwa anatazama shingo yangu.

"Umebakisha. Nimeona umemeza."

"Kidogo, Hawe."

"Ya nani?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nilimtazama Baba.

"Hasira hiyo si ya harusi," Hawe akasema, akamfunga Neema ushanga kiunoni jua likiwa kwenye majani ya mwisho. "Hiyo mtamalizana wenyewe huko mjini. Na mwakani mniletee soda."

Kurudi

Njia ya kushuka kutoka Kirimani ni fupi, ina barabara ya pikipiki. Baba alimwinua Shantel kutoka mgongoni mwa Neema akamweka mabegani. Tangu azaliwe sikuwahi kuona amembeba, zaidi ya kumshika mkono pale mlangoni. Hajui hata kulitamka jina lake, anasema Chandeli. "Chandeli, shika kichwa. Chandeli, usinizibe macho." Njia nzima. Na mtoto akimjibu, "Ndiyo, Baba Neema," kwa kuwa yeye hakuna aliyemweleza kitu.

Hiyo ndiyo safari. Maji ya kwanza niliyanywa kwa kiu, sikujua. Ya pili nilitema, na kidogo nilimeza, nikijua. Anayetaka kusimulia asimulie hivyo.

Jana asubuhi nilikuwa jikoni natwanga iliki ya mahamri ya harusi. Jirani mmoja, kati yenu nyinyi mnaosoma hapa, akapiga hodi nje kutaka viti.

"Baba Neema!"

Baba alikuwa sebuleni, namwona kupitia pazia. Alianza kuinuka, kwa mazoea. Akakaa.

"Baba Neema! Si upo? Naviona viatu!"

Nikashika mchi juu. Baba akatazama upande wa jikoni, halafu akaongea kwa sauti, bila kuondoka kwenye kiti:

"Unamwita nani?"

Nikautua mchi. Ile hasira iliyobaki bado ninayo, sijui ataimaliza lini. Lakini Jumamosi mnakuja wote, najua, hata wasioalikwa, na mlangoni atakayewapokea ni yeye. Sasa mmeshasoma. Mwajua mtamwita nani.